Kamati ya Usafi ya Kidimbwini

Barua ilifika Jumatatu, na kufikia Jumatano tulikuwa tumeshaunda kamati ya chakula.

Ndivyo tulivyo sisi wa mtaa wa Kidimbwini. Taa za njiani zikizimika tutapapasa gizani miezi sita, kila mmoja akisubiri mwenzake aende kulalamika. Lakini tuambie kuna mgeni anakuja kutoka ofisi yoyote ile, hata kama anakuja kukagua vyoo, utashangaa umoja unaozuka. Watu wasiosalimiana watakaa benchi moja wajadili rangi ya vitambaa vya meza.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Mtaalamu wa ndege, Daktari Luhende, angekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata, mwishoni mwa Septemba, kukagua kinamasi chetu, kile kilicho kati ya nyumba za mwisho za Igogo na ziwa. Alikuwa anatafuta ndege wa aina moja tu. Akiwaona kwa macho yake, dume na jike, kinamasi kingeingia kwenye orodha ya maeneo yasiyofukiwa. Asipowaona, ombi la mfanyabiashara mmoja wa Mabatini lingeendelea: kumwaga kifusi, kusawazisha, na kujenga ukumbi wa harusi wenye maegesho ya magari mia mbili. Kinamasi hicho barua ilikiita "ardhioevu". Mwenyekiti wetu wa mtaa, Ndalahwa, alilipenda neno hilo kuliko mtoto anavyopenda pipi, na tangu siku ile hakumaliza sentensi bila kulitaja.

Aliyekuwa ameandika kuomba mtaalamu aje ni Mwalimu Masalu, mwalimu mstaafu, mgane, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Kwa miaka kumi na moja, kila asubuhi, amekuwa akikaa juu ya ndoo iliyofunikwa kando ya kinamasi na kuandika kwenye madaftari ya shule kila anachokiona. Mnandi saba. Yangeyange thelathini na mbili. Fisimaji mmoja na wanawe. Kenge, mkubwa kuliko wa jana. Vitwitwi wadogo wa Septemba wametua leo, kutoka huko Urusi, wamechoka. Hakuwahi kuandika kitu asichokiona. Siku moja nilimwambia aongeze mamba ili ofisi ishtuke, akaninunia wiki nzima.

Ndege wa kwenye barua Mwalimu alimwita Bwana Harusi. Mgongo mweusi, kifua chekundu kabisa, utosi wa njano, kama mtu aliyevaa kila kilichokuwa kabatini. Haishi popote ila ndani ya mafunjo. Ukiyaondoa mafunjo, naye ameondoka. Nao daima huwa wawili: dume akianza kuimba, jike humwitikia kabla hajamaliza, kwa haraka sana hivi kwamba mtu asiyejua atadhani ni sauti ya ndege mmoja. Mwalimu ndiye aliyenifundisha kuzitenganisha.

Mimi ni Dorotea, nesi mstaafu. Miaka thelathini na minne nimeosha vidonda, nimepokea watoto na kugombana na akina mama wanaochelewa kliniki. Nayaandika haya kwa sababu katika mkutano ule wa Jumatano nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya usafi, nikafurahi.

Mwalimu alisimama kwenye mkutano huo akasema, "Ninaomba jambo moja tu. Msiguse kitu. Msifyeke, msichome, msipige kelele. Mgeni akute palivyo."

Tukampigia makofi. Kuna makofi ya kumkubali mtu na kuna makofi ya kumwambia akae chini, na Mwalimu, kwa kuwa ni mtu mwema, hakujua yake yalikuwa ya aina gani.

"Tunamshukuru Mwalimu kwa maoni mazuri," akasema Ndalahwa. "Sasa tuingie kwenye maandalizi ya ardhioevu yetu."

Yakaingia maandalizi. Hema la wageni. Matarumbeta. Fulana za kamati zote, zenye picha ya ndege. Mchapaji hakuwa na picha ya Bwana Harusi, ila alikuwa na ya tausi, iliyobaki kwenye kazi ya saluni fulani, basi tukavaa tausi. Hakuna tausi Igogo, na hata angekuwepo, angekuwa ameshaliwa.

Sasa kuna jambo la macho. Mwalimu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka ule ndege wengi alikuwa akiwatambua kwa sauti, halafu ananiita mimi nimhakikishie rangi. Nilikuwa nimempigia kelele tangu Pasaka aende akafanyiwe upasuaji. Wiki ile ile ya mgeni, madaktari wa macho walikuwa wameweka kambi Sengerema, ng'ambo. Nikamwambia, Mwalimu, nenda sasa, utarudi Jumamosi asubuhi ukiwa unaona, umwonyeshe mgeni ndege wako kwa kidole chako mwenyewe. Nikamwandikia jina, nikampangia begi, nikamsindikiza hadi kwenye pantoni ya Kamanga.

"Nesi," aliniambia akiwa ameshika chuma cha mlango, "nichungie mafunjo yangu."

"Usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Sisi tupo."

Tulikuwepo kweli. Jumanne asubuhi wanaume wanane walikuwepo na mapanga, wakiongozwa na Shimba, fundi wa kufyeka, mtu mwenye mikono kama mihimili ya paa.

Ninaapa nilianza na njia tu. Nilimwambia Shimba, fyeka njia ya mgeni kupita, basi. Jumanne tukapata njia. Lakini njia ikiwa safi, kingo zake zinaonekana chafu. Jumatano tukafyeka kingo. Alhamisi ikawa upande mmoja umefyekwa na upande mwingine umesimama, kinamasi kinafanana na mtu aliyenyolewa nusu kichwa kinyozi akaitwa msibani. Ndalahwa akapita, akasimama, akatikisa kichwa.

"Mama Dorotea, mgeni akikuta hivi atasema sisi ni watu wa namna gani?"

Nami, badala ya kumjibu kwamba atasema ni watu wenye ndege, nilisikia aibu kana kwamba amekuta vyombo vyangu vichafu. Sisi wanawake wa rika langu hiyo ndiyo kamba tunayofungiwa. Nikasema, "Shimba, sawazisha."

Akasawazisha. Siku ile ile, kwenye rundo la mafunjo yaliyokatwa, niliona kiota kidogo kama kikombe cha kahawa, kimesukwa kwa nyuzi za mafunjo hayo hayo, na ndani mayai mawili yenye madoadoa. Kitu chekundu kilipita juu yetu kuelekea ziwani. Nilikiona vizuri sana. Nikajiambia moyoni, atajenga kwingine. Kisha nikawaita wanaume waje wabebe rundo.

Sijamwambia mtu jambo hilo hadi leo, isipokuwa mmoja.

Kilichobaki kimesimama ni mti mmoja na duara la mafunjo kuuzunguka. Sababu yake si Mwalimu wala mtaalamu. Juu ya mti ule palikuwa na kiota cha fundichuma, yule ndege wa rangi ya udongo mwenye kichwa kama nyundo, anayejenga jumba la vijiti kubwa kuliko tenga la nyanya na kulijaza matambara, mifupa na kandambili zisizo na wenzake. Mtaa wetu una Wasukuma, Wajita, Wakerewe na Wajaluo, na hawajawahi kukubaliana hata mahali pa kuweka bomba la maji. Kwa fundichuma wote ni dini moja. Ukigusa kiota chake, nyumba yako imekwisha: utatoka vidonda, ng'ombe watatupa mimba, mkeo atarudi kwao.

"Hapo hapana, mama," alisema Shimba, na wale wanane wakarudi nyuma hatua kumi kila upande, wakapima kwa miguu, wasipunguze hata moja.

Niliwacheka. Kliniki niliwahi kuletewa mtoto mwenye upele, baba yake anasema ni kwa sababu alimtupia fundichuma jiwe. Nilimpa dawa ya upele na hotuba ya nusu saa. Nikamwambia Shimba kwamba mwaka huu tulionao mtu mzima haogopi vijiti. Akanipa panga, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Basi tuoneshe, mama." Nikakumbuka kwamba mgongo unaniuma.

Ijumaa tukapaka chokaa mawe yote ya kando ya njia. Tukapanda maua kwenye makopo. Ndalahwa akaamuru bango la kumkaribisha mgeni litundikwe mbele ya mti wa fundichuma, ili mtaalamu asione kwamba sisi ni washirikina.

Jumamosi Mwalimu alikuja na pantoni ya asubuhi, akafika saa tatu. Alikuwa amevaa miwani mikubwa myeusi ya hospitali, na nilimkimbilia kama mtoto, maana nilikuwa najivunia macho yale kama niliyapasua mimi.

"Shikamoo, Mwalimu! Unaniona?"

"Marahaba, Nesi. Umezeeka," akasema akicheka. Kisha akatazama nyuma yangu.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akaivua tena. Mbele yake maji yalikuwa wazi kama sinia, mashina ya mafunjo yamekatwa sawa kwa sawa, mawe meupe yamepangwa hadi ziwani, na katikati hema la bluu na watu arobaini waliovaa tausi.

"Nesi," akaniuliza, sauti ya chini sana, "hapa ni wapi?"

Nikaanza kueleza. Nikamwambia njia, kingo, upande mmoja, mgeni. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoyasikia maneno yangu mwenyewe, na nikanyamaza kabla sijafika mwisho. Akasema, "Ungeniacha nisione." Akaenda kutafuta ndoo yake. Ndoo tulikuwa tumeitupa kwa sababu ilikuwa kuukuu.

Mgeni aliyetarajiwa saa tatu na nusu, wakati ndege bado wako kazini, aliwasili saa tano na nusu, wakati hata korongo wa jalalani walikuwa wamesimama na vichwa chini kama wazee msibani. Daktari Luhende alikuwa na buti mpya zisizojua tope na darubini kifuani. Matarumbeta yakampokea. Kama kulikuwa na kitwitwi mmoja amebaki pale, wimbo wa kwanza ulimrudisha Urusi.

Halafu ikaonekana kwamba utepe wa kukata haupo. Ulikuwa umefungwa kwenye nguzo mbili tangu asubuhi, mwekundu, mita nne. Watu wakatafuta chini ya meza, wakashukiana. Ni Mwalimu aliyenyoosha kidole. Juu ya bango, kwenye mlango wa kiota, fundichuma alikuwa anauingiza utepe ndani, kwa utaratibu, kama mama anayetandika kitanda. Watu arobaini wakautazama utepe wao na hakuna hata mmoja aliyesema aende kuuchukua. Mwisho nikatoa bandeji kwenye mkoba wangu, na mgeni rasmi akakata bandeji.

Hotuba zikafuata. Ndalahwa alitaja ardhioevu mara kumi na tisa. Daktari Luhende akasimama akasema ametembea mikoa minne na hajaona ardhioevu safi kama hii. Alikuwa na vyeti vya akiba kwenye gari. Akaandika jina letu kwenye kimoja, Cheti cha Usafi wa Mazingira, akamkabidhi mwenyekiti, wakapigwa picha. Nami niliitwa nipigwe picha. Nilienda. Nilicheka kabisa, meno yote nje, picha ipo.

Ndipo Mwalimu aliponyanyuka ghafla na kuinua mkono.

"Yupo," alisema. "Yupo kwenye duara. Nimemsikia. Nyamazeni."

Matarumbeta yalikuwa yameanza wimbo wa tatu. Ndalahwa akamfanyia ishara akae, kwamba ratiba inasema chakula. Mwalimu akapaza sauti, "Nyamazeni jamani, nawaomba!" na sauti ile ya mwalimu wa darasa la watoto themanini ikazimwa na tarumbeta. Nikamwona mzee wa watu, siku tatu tu tangu apasuliwe, anajaribu kupiga kelele wakati ameambiwa asijikaze. Nilikwenda moja kwa moja kwa mpiga ngoma kubwa nikamnyang'anya kirungu chake, na wengine walipoona nimekishika hivyo, wakashusha vyombo vyao mmoja mmoja.

Pakawa kimya.

Kutoka nyuma ya bango, ndani ya lile duara lililookolewa na woga wa watu wanane, Bwana Harusi akaimba. Daktari Luhende akainua darubini, na kwa mara ya kwanza siku ile akaonekana kama mtu anayefanya kazi yake. Alizunguka bango, akasimama kwenye tope na buti zake mpya.

"Namwona," akasema. "Dume. Kabisa. Sasa jike."

Tukasubiri jike. Dume akaimba tena, akakata pale ambapo daima huitikiwa. Sikuwahi kujua kwamba wimbo ule una shimo katikati. Akaimba mara sita, Mwalimu akihesabu kwa vidole, na kila mara aliacha nafasi ya mwenzake, na kila mara nafasi ilibaki tupu. Mimi nilikuwa najua jike amekwenda wapi. Nilisimama na kirungu cha ngoma mkononi nikatazama mawe yangu meupe.

Mtaalamu hakuwa mtu mbaya. Aliandika: dume mmoja, jike hakuonekana. Akamwambia Mwalimu kwamba hawezi kuandika asichokiona, na Mwalimu, nani amlaumu, akasema hata yeye asingeandika. Palikuwa na nafasi ya ukaguzi wa pili na wa mwisho, Septemba ijayo. Mpaka hapo kifusi kingesubiri. Mafunjo yakiota tena na yakiachwa yasimame, alisema, jike huenda akarudi, au akaja mwingine. Yasiposimama, basi.

Ndalahwa akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Daktari, usiwe na shaka. Mwakani utakuta pasafi kuliko leo."

Tukapiga makofi.

Cheti kilitundikwa ofisini. Mwalimu aliacha kunisalimia. Nilimsalimia kila asubuhi juu ya ukuta, "Shikamoo, Mwalimu," na kwa kuwa ni mtu wa adabu alisema marahaba, lakini aliisema kwa ukuta. Alikuwa anaona vizuri mno sasa, aliweza kusoma gazeti bila miwani, na hakwenda kinamasini.

Mafunjo ni mmea usiojua kukasirika. Wiki mbili baadaye vichipukizi vilikuwa vimetoka majini, kijani kibichi. Nikafurahi siku nne. Siku ya tano Ndalahwa akatangaza kwamba, ili tusije kukimbizana tena dakika za mwisho, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi itakuwa ya kufyeka, hadi Septemba.

Nilikwenda kumweleza. Nilimweleza kwa upole, kisha kwa ukali, kisha nikamchorea kwenye karatasi: hapa mafunjo, hapa ndege, hapa panga. Alinisikiliza vizuri sana. Akasema, "Mama, nakuelewa. Lakini tuna cheti sasa. Tukiacha nyasi zirudi watatunyang'anya." Oktoba wakafyeka. Nilisimama pale nikiwazuia, na wakafyeka kunizunguka, kwa heshima, kama mtu anavyofagia kuzunguka miguu ya mgeni.

Waliposimama ni palepale, hatua kumi kutoka kwenye mti wa fundichuma. Shimba akapima kwa miguu.

Nikarudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu. Nilifikiri juu ya hotuba zangu za kliniki. Miaka thelathini na minne ya kuwaambia watu waache kuogopa vijiti, na namshukuru Mungu hawakunisikiliza hata kidogo.

Jumapili iliyofuata, wakati wa misa ya pili, mtaa mzima ukiwa kanisani, nilikwenda kinamasini na gunia la vijiti. Nilikata fito nne, nikazichomeka kwenye tope, nikajenga. Fundichuma hujenga wiki nyingi na mimi nilikuwa na saa moja na nusu, kwa hiyo ilibidi nifunge kwa bandeji. Nikatia matambara. Nikatia kandambili moja ya marehemu mume wangu, ambaye angecheka sana. Nilipomaliza, kilifanana na kiota kama mimi ninavyofanana na bibi harusi, lakini kwa mbali, kwa mtu aliyekwisha kuogopa, kilitosha.

Jumamosi ya mwisho wa Novemba Shimba alikuja kunigongea.

"Shikamoo, mama. Kuna kingine kimetokea."

"Kingine nini?"

"Kiota. Cha yule. Kimetokea tu, chini chini, kwenye maji."

Nikamwambia, "Shimba, mimi ni mtu wa hospitali. Hayo siyaamini. Fyekeni tu."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyetaka dawa, akaondoka na watu wake. Ndalahwa mwenyewe akaja kukagua. Alisema haya ni mambo ya kizamani, alisema mtaa wa kisasa hauwezi kuzuiwa na ndege, na alipokuwa anasema hivyo alikuwa anarudi nyuma taratibu, mikono mgongoni, mpaka akakanyaga kopo la maua. Akaamua zoezi liahirishwe kwa upande ule.

Upande ule. Basi nikajua kazi yangu. Desemba nikajenga upande wa pili, na wa tatu. Kimoja fundichuma mwenyewe alikibomoa na kuchukua vijiti vyote kupeleka kwake, ikabidi nianze upya. Kufikia mwisho wa Januari palikuwa na viota vitano, ukihesabu na kile cha kweli cha mtini, na hatua kumi kuzunguka kila kimoja mafunjo yalikuwa yamenifika begani. Mtaani watu walianza kunong'ona kwamba Kidimbwini pamelaaniwa. Yule mfanyabiashara wa Mabatini alituma watu kupima, nao walipoelezwa wakapima kwa mbali.

Nilikuwa nafunga kiota cha sita, magoti kwenye tope, niliposikia mtu anakohoa nyuma yangu. Mwalimu Masalu alikuwa amesimama pale na ndoo mpya na daftari. Sikujua nifiche nini kwanza, vijiti au uso.

Alikizunguka kiota cha tano, kilichokuwa karibu, akakiinamia kwa macho yale mapya ambayo sasa yalikuwa yanaona kila kitu.

"Nesi," akasema, "miaka kumi na moja sijaona fundichuma anayefunga fundo la hospitali."

Hapo nikamwambia. Kiota kidogo, mayai mawili, rundo, na kile kitu chekundu kilichokwenda ziwani. Nilimwambia nikiwa nimepiga magoti kwa sababu tope lilikuwa limenishika, na nadhani ilifaa. Upande wa mti, Bwana Harusi akaimba, akaacha nafasi yake. Tukangoja wote wawili. Hakuna aliyeitikia.

"Septemba bado," akasema Mwalimu.

Akageuza ndoo, akaikalia, akafungua daftari. Aliandika tarehe kwanza, kama kawaida yake. Kisha akaandika polepole, kwa mwandiko wa ubaoni ambao hata mimi bila miwani niliweza kuusoma kutoka pale nilipokuwa: Fundichuma, viota sita. Niliona kalamu inasita kwenye neno la mwisho. Kisha akapiga nukta.

Akafunga daftari, akatazama kinamasi kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine.

"Kule kwenye mfereji pako wazi sana," akasema. "Bandeji imebaki?"